Waya Usichomolewe

Nianze na ukweli wenyewe, maana kuzungukazunguka sikuwezi: yule kijana nilimwonea wivu kabla hata sijamwona uso. Nilimsikia tu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya kanisa letu la kigango, kule Mshangano, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, na ndani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya jioni. Mara gitaa la besi likaanza. Besi yangu. Sisemi gitaa langu, nasema kazi yangu, nafasi yangu, ile kona karibu na ngoma ambako nilisimama miaka ishirini na mitatu. Lilikuwa linapigwa vizuri, vizuri kunizidi mimi, na hilo nililijua kabla wimbo haujafika kiitikio. Roho ikaniuma kuliko mkono.

Mimi ni fundi redio. Kibanda changu kiko Majengo, kati ya muuza viatu vya mtumba na mama mmoja wa maandazi, na hakuna sabufa iliyozimika mjini Songea ambayo haijawahi kulala mezani kwangu. Miezi miwili kabla ya jioni ile nilikuwa nimepanda juu ya bati la nyumba ya mtu huko Msamala kumfungia dishi. Bati lilikuwa na umande, nikateleza, nikaja chini kama gunia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo, vilivunjika vibaya. Kwa fundi hiyo ni ajali. Kwa mpiga besi ni msiba, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi.

Kwaya haiwezi kukaa bila besi, hilo naelewa. Ningekuwa mimi mwenyekiti, ningetafuta mtu. Lakini jamani, hata kuniambia? Hata kupita kibandani wakasema, mzee, tumepata mtu wa kushikilia kwa muda? Hakuna. Nilikwenda mwenyewe kuwasalimu wanakwaya wenzangu, ndipo nikaisikia besi inaongea ukutani.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, kahamishiwa shule ya sekondari huku kwetu akitokea Kanda ya Ziwa. Kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, meno meupe, na hana makuu. Afadhali angekuwa na makuu, ningepata pa kumshikia. Watu wote walimwita ticha. Halafu alikuwa wa mashoto. Gitaa la kwaya, ambalo mimi nililipiga miaka yote, lisingemfaa kitu, nyuzi zake zingekuwa juu chini. Kwa hiyo alikuja na la kwake, jeusi, linang'aa mpaka unajiona, limetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kushoto. Alilinunua kwa mwanamuziki mmoja alikotoka. Wanakwaya walilizunguka siku hiyo kama watoto waliozunguka pikipiki mpya.

Aliponiona nimesimama mlangoni alikuja mbio, akainama kidogo.

“Shikamoo, mwalimu.”

Nikamwuliza mwalimu ni nani hapo, mimi au yeye. Akasema ameambiwa mimi ndiye niliyeleta besi kigangoni, na kwamba yeye anafundisha hesabu tu. Nikamwitikia marahaba kwa meno. Moyoni nikasema, huyu mnafiki. Ila tangu siku hiyo akaniita mwalimu kila tulipokutana, barabarani, sokoni, mbele za watu, na sitadanganya, nilizoea. Nilianza hata kulisubiri.

Nyumbani ndiko nilikopigwa hasa. Mke wangu anaimba sauti ya pili. Siku moja nimekaa uani namsikia jikoni anapepeta mchele huku anaguna wimbo, nikatega sikio nijue ni upi. Haukuwa wimbo. Ilikuwa besi ya wimbo, ile ya ticha, anaipandisha na kuishusha kama anavyoipiga yeye. Miaka ishirini na mitatu nimepiga gitaa, mwanamke huyu hajawahi kuiguna besi yangu jikoni hata mara moja. Nikamwambia mchele unataka utulivu, mawe yatambakia. Akanyamaza. Kesho yake akaguna tena.

Sasa niseme habari ya sheria yangu, kwa sababu bila hiyo haya mengine hayana maana. Zamani vijana wa kwaya walikuwa wakimaliza mazoezi wanachomoa waya kwenye gitaa kwa fujo, wanauvuta kama wanavuta mbuzi. Tundu la gitaa likalegea, waya ukakatika shingoni, na kila wiki nilikuwa na pasi ya kulehemu mkononi nikiunga kitu kile kile. Nikachoka. Nikachukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la mtu, nikaandika ukutani mwa stoo ya kanisa kwa herufi kubwa: WAYA USICHOMOLEWE. Ukimaliza, unazima amplifaya, unalitundika gitaa kwenye msumari wake na waya wake ukiwa ndani, basi. Nilimtoa nje ya mazoezi mtu mzima na ndevu zake kwa kuivunja sheria ile. Watu wakaishika. Tundu likapona, waya mmoja ukadumu miaka sita. Nilijivunia maandishi yale kuliko cheti changu cha ufundi.

Vyombo vyetu vyote hulala stoo, hakuna anayebeba kwenda nyumbani. Ticha naye akaambiwa hivyo, akaonyeshwa maandishi, akaambiwa ni sheria ya mzee. Akatundika gitaa lake jeusi pembeni ya lile kuukuu, waya ukiwa ndani.

Baada ya Pasaka sauti ikaanza kupungua. Si kwa siku moja. Jumapili hii unaona kama besi imerudi nyuma hatua mbili, Jumapili ijayo imetoka nje ya mlango. Wakasema ni umeme mdogo, Songea umeme wetu tunaujua. Wakasema ni baridi, mwezi wa sita hapa hata kinanda kinatetemeka. Wakazungusha nobu za amplifaya zote hadi mwisho, ikawa inakwaruza tu, sauti nyembamba kama ya mtu anayeongea na mto usoni. Na lilikuwa jambo zito, maana mwezi wa saba askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na kigango chetu askofu hukiona kwa nadra sana. Kwaya ilikuwa imetunga wimbo mpya wa kupeleka vipaji altareni, kwa mdundo wa lizombe, ngoma yetu ya huku, ambao bila besi ni makofi tu.

Mwenyekiti wa kwaya, mama muuza vitenge wa pale Majengo, alikuja kibandani na amplifaya ndani ya bajaji. Akasema hakuna mwingine wa kuigusa isipokuwa mimi. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Nilifurahi kwamba kitu kimeharibika mikononi mwa ticha.

Nikaifungua. Plasta nilikuwa nimeshatolewa, vidole vimekakamaa lakini vinashika bisibisi. Nikaanza na fyuzi, nzima. Nikapima transfoma, inatoa vizuri. Nikabonyeza karatasi ya spika kwa viganja, inaingia na kutoka bila kukwama. Nobu zilikuwa zimejaa vumbi jekundu la Mshangano, nikazisafisha kwa dawa, nikazizungusha mara hamsini. Matundu ya nyuma nikayapiga msasa. Viungio vilivyochoka nikavitia risasi ya kulehemu upya. Mwisho nikachomeka simu yangu nikafungulia muziki, na vikombe vya mama wa maandazi vikaanza kutembea mezani. Muuza viatu akaja kuuliza kama nimehamia baa. Amplifaya ilikuwa nzima. Na nadhani ilikuwa nzima hata kabla sijaigusa.

Nikapima waya: mzima. Kwa hiyo yamebaki mambo mawili tu, gitaa la ticha au mikono ya ticha. Fundi yeyote wa haki angesema leteni gitaa nilipime. Mimi nilichagua mikono, kwa sababu ndicho nilichotaka kiwe kibovu.

Nilipoirudisha kanisani kwaya nzima ilikuwepo. Nikatungua lile gitaa kuukuu, nikalichomeka, nikapiga uzi mmoja mtupu, ule mnene, bila kubonyeza popote. Kishindo kikapita chini ya mabenchi. Watu wakageuka wakanitazama kama zamani, na mimi nikatazama dirishani kama mtu asiyejali. Kisha ticha akachomeka la kwake. Ikatoka sauti ya mbu.

“Amplifaya ni nzima,” nikasema. “Labda ticha aongeze nguvu kidogo. Besi inataka vidole.”

Sikusema zaidi ya hapo, na hapakuwa na haja. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza akamnong'oneza mwenzake kwamba mkono wa kushoto ndivyo ulivyo, hauna nguvu. Mimi fundi, ninayejua umeme haubagui kushoto wala kulia, nilimsikia na nikajifanya hamnazo. Ticha akaomba radhi. Akasema kweli, atajitahidi. Mwenyekiti akatoa uamuzi wake hapo hapo: zimebaki wiki mbili, wakifika Jumamosi ya mwisho sauti haijatoka, basi siku ya askofu mzee atapiga gitaa kuukuu, vidole vimruhusu visimruhusu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, siuoni mlima. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naminya mpira mdogo kibandani kutwa nzima, nikivifanyisha kazi vile vidole viwili. Mama wa maandazi akaniuliza nani kanikosea.

Jumamosi iliyofuata niliwahi kanisani. Ufunguo mmoja wa stoo nakaa nao mimi. Sikwenda kulitengeneza gitaa la ticha, msinipe sifa nisiyo nayo, nilikwenda kulitazama kwa kijicho tu, jinsi mtu anavyolitazama shamba la jirani. Nikalitungua. Nikaligeuza. Kwa nyuma nikaona kifuniko kidogo, misumari minne ya kukaza. La kwaya halina kitu hicho. Mikono ya fundi ina kiherehere chake, bisibisi ikawa imeshatoka mfukoni.

Ndani palikuwa na betri, ile ya mraba, ya volti tisa. Gitaa la ticha lina mashine ndogo tumboni inayokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, na mashine hiyo inakula betri. Nikaweka mita. Haikufika hata volti nne. Kumbe ndiyo hiyo. Lakini kwa nini imekwisha namna hii, na gitaa linapigwa siku tatu tu kwa wiki? Nikaufuata uzi mweusi wa betri kwa kidole. Haukwenda kwenye swichi yoyote, maana swichi hakuna. Ulikwenda moja kwa moja kwenye tundu la waya. Ukichomeka waya, betri inawaka. Ukiuchomoa, inazima. Waya wenyewe ndio swichi.

Nilikaa juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo. Mbele yangu, ukutani, herufi zangu nyekundu. Gitaa kuukuu halina betri, sheria yangu haikulidhuru kitu. Hili jeusi lilikuwa limetundikwa pale usiku na mchana, Jumatatu hadi Jumapili, waya ndani, betri inavuja polepole, na kijana wa watu anatii maandishi yangu kuliko mtu yeyote wa kwaya ile. Sauti yake niliiua mimi kwa mkono wangu, kwa rangi ya geti.

Mtu mwema angekimbia kumwita. Mimi nilipiga hesabu. Nikisema, ticha atanguruma mbele ya askofu na mimi nitakuwa yule mzee ambaye sheria yake iliua gitaa. Nikinyamaza, nitapiga mimi. Kijiba cha roho kikashinda, nikakirudisha kifuniko, nikakaza misumari yote minne, nikalitundika gitaa na waya wake ndani. Walipofika wengine nilikuwa nje naota jua.

Jumatatu nilinunua betri mpya. Kwa nini niliinunua sijui mpaka leo. Niliiweka kwenye mfuko wa shati, kifuani, na kila shati nililobadilisha niliihamisha.

Jumatano ticha akaja kibandani baada ya vipindi. Alikuwa amefunga plasta za dukani kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto, mkono wake wa kupigia. Malengelenge yalikuwa yamepasuka. Alikuwa akipiga kwa nguvu kila jioni ya mazoezi, kama nilivyomwagiza mbele za watu.

“Shikamoo, mwalimu. Naomba unionyeshe unavyoweka kidole. Labda mimi sijui kukwanyua nyuzi.”

Betri ilikuwa hapa, kifuani, nikipumua naisikia. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono. Badala yake nikamwonyesha. Haki ya Mungu, nilimwonyesha. Nikaweka kidole juu ya ukingo wa meza, nikamwambia avute hivi, atumie nyama ya kidole na si ncha, bega lishuke. Akafuatisha kwenye meza yangu, taratibu, anauma mdomo wa chini kwa maumivu, na kila baada ya muda ananiuliza kama ni hivyo. Nikamwambia bado kidogo. Alipoondoka alinishukuru kwa mikono miwili. Muuza viatu akasema kijana yule ana adabu, wazazi wake wamelea. Nikamwambia auze viatu.

Jumamosi ya mwisho sauti ilikuwa imekwisha kabisa, unasikia nyuzi zinavyogonga mbao. Mwenyekiti alianza kutafuta maneno ya kumwambia ticha bila kumvunja moyo, lakini ticha akamwahi. Akalivua gitaa shingoni, akasema vidole vyake bado, apige mwalimu, yeye atasimama na wanaume wa sauti ya nne. Watu wakapiga makofi, sijui walimpigia nani. Mke wangu hakupiga. Alinitazama mimi, na nilipomuuliza njiani kuna nini, akasema hakuna.

Siku ya kipaimara nilivaa shati jeupe na betri yangu mfukoni. Kanisa lilijaa mpaka nje, watoto na wasimamizi wao, wageni kutoka vigango vyote vya jirani. Nilisimama kwenye kona yangu. Wimbo wa kuingia ulikwenda. Utukufu ulikwenda. Besi ilikuwa inasikika, sitaki kujishusha, na kwa dakika zile nilikuwa nimepata kila nilichokitaka duniani.

Wimbo wa vipaji ni mrefu. Akina mama wanaingia na mahindi, maharage, kuku, wanacheza hatua mbili mbele na moja nyuma, na mdundo wa lizombe haumsubiri mtu. Katika ubeti wa tatu kidole cha pete kikakaza. Nilikiamuru kikakataa. Nikaruka noti moja, nikaruka ya pili, halafu nikabaki napiga uzi mtupu kama mtu anayebisha hodi. Mpiga ngoma aliona, akaongeza mkono kunifunika. Akina mama walipoteza hatua, wakaipata, wakaipoteza. Askofu hakujua chochote, alipokea kuku wake akatabasamu. Lakini kwaya ilijua. Mke wangu aliimba akiwa ameinamisha uso.

Nikamtazama ticha. Nilitegemea kumkuta anacheka kichinichini, na ningempenda kwa hilo, ningekuwa na haki. Alikuwa ameukazia macho mkono wangu wa kushoto, anahesabu, midomo inacheza, anajifunza. Hata makosa yangu alikuwa anajifunza.

Baada ya misa watu walielekea kwenye pilau nyuma ya kanisa. Ticha akanipokea gitaa bila kuambiwa. Nikamfuata stoo. Akalitundika lile kuukuu kwenye msumari wake, pembeni ya jeusi, akaukunja waya uliobaki vizuri chini.

“Nimeliacha na waya wake, mwalimu,” akasema. “Na la kwangu pia siku hizi silichomoi. Kule nilikokuwa nilikuwa nachomoa kila siku, sikujua kumbe naharibu.”

Nikakaa kwenye lile sanduku la nyimbo. Nikamwambia alete gitaa lake. Alileta, anadhani nataka kumwonyesha kitu cha vidole. Nikalilaza mapajani, nikatoa bisibisi, nikafungua misumari minne. Alishangaa kuona betri. Akasema miaka yote alidhani humo ndani ni nyaya tu. Nikatoa ile ya zamani, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati nikatoa mpya, ya moto kwa joto la mwili wangu, nikaiweka. Nikachomeka ncha ya pili ya waya kwenye amplifaya, iliyokuwa imesharudishwa pale stoo, nikaiwasha. Nikamwambia piga.

Akapiga noti moja, kwa kidole kimoja, chenye plasta. Vioo vya dirisha vikalia. Nje mazungumzo ya watu wa pilau yakakatika, mtu mmoja akapiga kelele ya furaha. Ticha akacheka kama mtoto, akataka kupiga tena. Halafu akasita. Aliitazama betri ya zamani kwenye sakafu, akautazama mfuko wa shati langu. Ni mwalimu wa hesabu, hamkumbuki? Akapunguza sauti mwenyewe, polepole, mpaka mwisho.

“Ulijua lini?”

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema usiku huu nimeota. Hakuna shahidi mwingine duniani.

“Jumamosi ile nyingine,” nikasema. “Kabla hujaja kibandani.”

Nikamweleza yote, betri, tundu, maandishi ukutani, na kile nilichokuwa nakitaka. Sikutaja neno wivu, lakini hata kipofu angeliona. Alisikiliza huku anavitazama vidole vyake, anavigeuza huku na huku. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata majibu ninayo. Hakutukana. Alikizima chombo, akaushika waya, akauchomoa kwenye gitaa lake, taratibu, bila kuuvuta kwa fujo, akauzungusha kiganjani ukawa duara zuri, akauweka juu ya sanduku karibu na paja langu.

“Asante, mzee,” akasema, akaenda kula.

Wiki ile nilichukua chokaa nikayapaka maandishi yangu. Nyekundu haifichiki vizuri, mtu akisimama mbali bado anayasoma. Ticha amerudi kwenye kona, na sasa anasikika hadi barabarani. Mimi nipo benchi la wanaume, sauti ya nne, na nikiitwa kurekebisha kitu narekebisha siku hiyo hiyo. Hakumwambia mtu. Nilisubiri mwezi mzima niyasikie Majengo, hayakuja. Mke wangu bado anaiguna besi yake jikoni, nami nimeacha kumsumbua na habari za mawe.

Tukikutana ananiamkia, tena wa kwanza kila mara. Shikamoo, mzee. Namwitikia marahaba, nasubiri kidogo, kama kuna jingine. Hakuna. Jumapili iliyopita nilikuwa nafunga kamba ya kiatu mlangoni mwa kanisa, nikamsikia anakuja, nikajiweka sawa. Alinipita akaenda kwa mpiga ngoma, yule aliyenifunika siku ya askofu, mzee asiyejua kusoma hata jina lake. Akainama kidogo, vile vile kama alivyoniinamia mimi siku ya kwanza.

“Shikamoo, mwalimu.”

Mpiga ngoma akaitikia huku anatafuta fimbo zake, wala hakujua amepewa nini.